Karatasi ya Muuza Manukato

Jumamosi ikifika saa tisa alasiri, nyumba ya kina Mwalimu ilikuwa ikijaa mpaka viatu vinakosa pa kukaa mlangoni. Bonge, fundi friji, alikuwa amelikalia peke yake kochi la watu wawili na bado analalamika amebanwa. Nesi alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, hata ile saa yake ya kubana kifuani hajaivua. Na dada yake Mwalimu, msusi mwenye saluni pale kona, alikuwa anaongea tangu getini, maana yule dada akinyamaza dakika mbili watu humgusa kipaji cha uso kuona kama ana homa.

"Wifi, njoo ukae na mimi huku," msusi alimwita Fundi Miwani, mpenzi wa kaka yake. "Mwache Bonge apambane na kochi lake."

Fundi Miwani akacheka, akaenda kuketi. Neno hilo "wifi" lilikuwa halijahalalishwa na mtu yeyote, lakini kila alipoitwa lilimteremka moyoni kama maji ya vuguvugu. Ilibaki wiki moja. Jumamosi ijayo wazee wa Mwalimu wangekwenda kwao kuzungumza na mama yake, na baada ya hapo wifi angekuwa wifi kweli, si wa utani wa mezani.

Wangekwenda zamani, ila mama mwenye nyumba hii alikuwa ameweka mguu mlangoni. Msichana mwenyewe alikuwa hana neno naye: kazi anayo, anakata lenzi dukani kwa watu mwaka wa sita sasa, na adabu anayo. "Lakini kwao wamezidi ukimya," alikuwa akimwambia mwanawe. "Mama mtu, binti mkubwa, na yule kitindamimba wao. Umesikia lini wakigombana? Nyumba isiyo na umbea ina kitu imekifunika." Miezi minane Mwalimu alimbembeleza mama yake, mpaka mwezi huu ndipo mama akasema haya, nendeni, nisije nikaambiwa mimi ndiye niliyekuzuia kuoa.

Mwalimu akaingia na bahasha yake. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mrefu, mwenye vidole vya wino. Alipopita nyuma ya kochi macho yake yaliruka vichwa vya wote yakatua kwa mmoja tu, yakakaa hapo zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa mbele za watu.

"Yameanza," msusi akasema. "Kaka, tupe karatasi, utamla kwa macho siku ukishamwoa."

Kwa asiyeujua, mchezo wao hauna ubao wala mshindi. Ni hadithi inayochezwa mezani. Mwalimu ndiye msimulizi: ameutunga mji mzima, Mji wa Madaraja Saba, akauchorea na ramani. Wengine kila mmoja anamvaa mtu mmoja wa mji huo na kusema kwa mdomo wake, na jambo likiwa la bahati, dadu zinarushwa. Bonge alikuwa mlinzi wa lango. Nesi alikuwa tabibu. Msusi alikuwa muuza manukato anayeingia kila nyumba na kikapu chake. Fundi Miwani alikuwa mjane wa mizani, mwanamke anayepima nafaka sokoni na asiyesema sana.

Kilichomfanya Mwalimu asifiwe hadi mtaa wa pili ni zile karatasi. Kabla ya kuanza humpa kila mtu yake, imekunjwa mara mbili. Ndani mna mambo ya mji ambayo mtu wako angeyajua, kwa kazi yake na maisha yake, basi. Mlinzi atajua nani kapita langoni, tabibu atajua nani aliugua nini. Haionyeshwi kwa mwingine. Unachokijua utakisema mwenyewe mchezoni, ukipenda.

"Nikimwandikia tabibu habari za lango, nimemnyang'anya utabibu wake," alikuwa akisema. "Mtu ni yale anayoyajua."

Alipomkabidhi Fundi Miwani karatasi yake, vidole vilichelewa kiganjani mwake. Akaifungua chini ya meza. Wiki nyingine huwa imejaa. Leo ilikuwa na mstari mmoja: *Wewe unaujua ukweli wote. Useme siku utakayokuwa tayari.*

Akatabasamu. Akadhani ni habari za ule mchele ulioibwa ghalani wiki iliyopita.

"Asubuhi, soko linafunguliwa," Mwalimu akaanza, na ile sauti yake ya kusimulia, iliyomfanya Fundi Miwani ampende kabla hata hajamtazama vizuri, ikakijaza chumba. "Mjane yuko kwenye mizani yake. Anayemkaribia na kikapu ni muuza manukato."

Msusi akajiweka sawa, akaibana sauti puani. "Ehee, shoga! Mizani hiyo inapima na maneno? Maana nimebeba ya kilo."

"Yaweke tuone."

"Unaijua nyumba ya mfinyanzi? Yule mama mwenye kabinti ka miaka tisa? Basi mimi niliyeingia mpaka chumbani nakwambia, yule mama hakubeba mimba ya mtoto yule. Alibeba mto!"

"Mto gani tena?" Bonge akadakia.

"Mto wa kulalia! Kaufunga tumboni kwa kitambaa miezi minne mizima, anakwenda nao sokoni, watu wanampisha foleni, wanambebea kapu! Siku moja akiwa anapatana bei ya vitunguu ukamteremka mpaka magotini, akashika kiuno akasema, 'Jamani nisaidieni, mtoto anashuka!'"

Bonge alicheka mpaka kochi likalia. Nesi alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

Fundi Miwani hakucheka. Ukweli wa kisa cha vitunguu ulikuwa unajulikana na watu watatu chini ya jua: yeye, mama yake, na mama yake mdogo. Wa nne alikuwa Mwalimu. Alimsimulia miezi mitatu iliyopita, umeme ulipokatika dukani na mashine ya kusaga lenzi ikanyamaza, wawili wao wamekaa kwenye viti vya wateja. Alilia akasimulia, akafika penye vitunguu akajikuta anacheka huku analia, na Mwalimu akamshika mikono yote miwili akasema, "Limefika kwangu, limefika kaburini."

"Ngoja, ngoja, na mlinzi ana la kwake," Bonge akasema, anaigeuzageuza karatasi yake. "Miaka tisa iliyopita, alfajiri ya mvua, binti mkubwa wa mfinyanzi alipita langoni amejifunika koti la baba yake. Wanasema anapelekwa kwa mama yake mdogo akatibiwe kifua."

Koti la baba. Lilikuwa la kahawia, mfuko mmoja umetoboka, na ndani yake marehemu baba yake, aliyeshindwa kumwambia lolote siku ile, alikuwa amemtilia maandazi mawili. Hilo la maandazi hakumwambia hata Mwalimu. Alishukuru, kijinga tu, kwamba limebaki lake.

"Kifua!" Nesi naye akaingia, kwa sauti ya tabibu wake mzito. "Hakuna kifua kinachotibiwa miezi minne kamili, mgonjwa akarudi amenenepa, na mama yake, aliyemfuata siku za mwisho, akarudi pamoja naye amepakata mtoto."

Fundi Miwani akamtazama Mwalimu. Na Mwalimu alikuwa anamtazama yeye, macho yanang'aa, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyekuletea zawadi na anakusubiri uifungue. Kumbe hata aibu hana. Kumbe anafurahi.

"Tulieni, utamu wenyewe huu hapa!" msusi akapiga meza. "Mimi muuza manukato, shingo zote za mji huu zimepita mkononi mwangu. Kale kabinti kana alama nyuma ya sikio la kushoto, nyeupe, kama punje ya mchele. Na alama hiyohiyo nimeiona kwa mwanamke mwingine, nilipokuwa nampaka nyuma ya—"

Hapo mdomo ambao haukuwahi kukatika ukakatika.

Alhamisi tu ya wiki hiyo alikuwa amemsuka Fundi Miwani saluni kwake, saa mbili nzima, amelikunja sikio la kushoto kwa kidole gumba ili apate mstari wa nywele. Nesi naye akainua kichwa polepole. Mwezi uliopita alimtoa ushanga sikioni kitindamimba wa kina Fundi Miwani, na sikio lenyewe lilikuwa la kushoto. Wanawake wawili wakatazamana. Kisha wote wawili, kwa haraka moja, wakainamisha macho mezani, na huko kukwepa ndiko kulikosema yote.

"Malizia basi!" Bonge akasema, bado yumo kwenye kicheko. "Mwanamke gani?"

"Imeishia hapo," msusi akajibu, anaikunja karatasi. "Maandishi yenyewe madogo. Hata siyaoni."

"Lete," Fundi Miwani akasema.

"Wifi, haturuhusiwi kuonyesha—"

"Wifi. Lete."

Akaipata. Akanyoosha mkono kwa Nesi, kisha kwa Bonge, akazipanga mezani, ya muuza manukato, ya tabibu, ya mlinzi. Mwandiko mzuri, wa mwalimu, nukta zote mahali pake. Kila mmoja kakatiwa kipande kinachomtosha. Mwisho akaiweka na yake, ule mstari mmoja. Sasa aliuelewa.

"Mbona kimya huko?" sauti ya mama mwenye nyumba ikatoka jikoni. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama! Bonge kakalia dadu!" Msusi alikwishainuka, akaufunga mlango wa korido kwa kiuno chake. Akamgeukia Bonge. "Twende ukaiangalie friji ya mama, inanguruma."

"Jumamosi mimi sifanyi—"

"Bonge, inuka!"

Nesi alipopita nyuma ya kiti cha Fundi Miwani alimbana bega. Mlango ukafungwa.

Wakabaki wawili.

"Macho," Mwalimu akasema. Ndilo jina alilompa tangu siku alipokwenda dukani kupimiwa miwani na akajifanya hasomi hata herufi kubwa ili arudi kesho yake.

"Usiniite hivyo."

"Nisikilize kwanza. Sikutaja jina lako. Ni mfinyanzi, ni mji ambao haupo."

"Mto upo. Koti la baba lipo. Na sikio hili hapa!" Alivuta kitambaa cha kichwa mpaka pini ikaruka. "Ulibadilisha jina ukaiacha sura, Mwalimu. Ulidhani dada yako ni kipofu?"

Mwalimu akalitazama lile sikio. Alikuwa ndiyo kwanza anaona. Uso ulimpauka.

"Muuza manukato hupaka watu nyuma ya masikio," akasema polepole. "Nilijiuliza, yeye angejuaje? Nikaona, kwa alama. Nilimfikiria muuza manukato tu. Sikukumbuka... sikukumbuka kwamba dada ndiye anayekusuka."

"Na tabibu?"

"Tabibu hata alama sikumwandikia."

"Hukuwa na haja. Alimtoa mwanangu ushanga sikioni, na wewe ndiye uliyempigia simu aje."

Neno "mwanangu" lilikuwa limetoka mdomoni mwake mara mbili tu maisha yake yote, na mara zote mbili mbele ya mwanamume huyu. Alimwona analisikia. Alimwona anaumia. Na Mungu amsamehe, bado mkono wake ulitaka kwenda kumfuta kile kidoa cha wino shavuni.

"Nilitaka kukupa mahali," Mwalimu akasema. "Umeisoma karatasi yako? Nilitaka siku moja useme, hata kwa mdomo wa mjane, watu wakusikilize na wakuelewe. Miaka tisa umebana pumzi, Macho. Nilikuwa nakutengenezea mlango."

"Nyumba yangu, ukuta wangu. Nani alikutuma utoboe mlango?"

"Mapenzi yalinituma."

"Mapenzi yangeniuliza." Akazigonga karatasi kwa kidole. "Uliandika lini?"

Mwalimu akaanza kuzikunja zile karatasi.

"Nakuuliza, uliandika lini?"

"Jioni ile."

"Jioni ipi?"

"Ile uliyoniambia."

Akaikumbuka jioni ile yote. Alivyomsindikiza hadi getini kwao, alivyombusu kipaji, alivyosimama barabarani mpaka aone taa imewaka ndani. Alilala siku ile usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu ana miaka kumi na saba. Na huku yeye kalala, mwenzake alikuwa kajiinamia daftarini, anamgawa vipande: hiki cha mlinzi, hiki cha tabibu.

"Nilipokuwa nalia pale dukani," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa, "ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa unakusanya?"

Angeweza kudanganya. Mwanamume mwingine angedanganya, na pengine angesamehewa.

"Vyote viwili," Mwalimu akasema.

Fundi Miwani akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei. Akaiokota pini yake sakafuni.

"Jumamosi ijayo wazee wako wasije."

"Usifanye hivyo. Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua. Asiyenipenda asingejua pa kuchukulia."

"Nitazichoma. Nitaufuta mji wenyewe. Nitamwambia dada—"

"Utamwambia nini? Kwamba ayasahau aliyoyasoma? Yeye na mdomo wake?" Akafika mlangoni, akageuka. Alimtazama kwa mara ya mwisho vile alivyozoea kumtazama, kuanzia nywele, akija chini, bila haraka, na macho yakamjaa. "Mimi nilikuwa nakuja kuwa mkeo. Wewe ulikuwa umeshanipeleka sokoni."

Nje, msusi alikuwa kajibanza getini anamsubiri, mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa hana neno la utani.

"Wifi," akasema. "Mdomo wangu naujua mwenyewe, na mtaa mzima unaujua. Lakini hili nitakufa nalo. Bonge hajaelewa kitu, anadhani una hasira za mchezo tu. Nesi ni kaburi. Mama hajasikia."

"Usife nalo, wifi. Litakushinda, na sitakulaumu." Akamshika mkono. "Nipe mpaka jua lizame. Hayo tu. Kuna mtu mmoja lazima alisikie kwangu kabla halijamfikia kwa njia nyingine."

Msusi akaanza kulia, ovyo, kwa kelele, kama anavyofanya mambo yake yote. "Mjinga yule!" akasema. "Kaka yangu mjinga yule!"

Fundi Miwani alitembea dakika ishirini asione barabara. Mwalimu hakumfuata, na jambo hilo lilimuuma kuliko angemfuata.

Uani kwao mama yake alikuwa anachambua maharage. Kitindamimba alikuwa anaosha viatu vya shule, povu mpaka viwikoni.

"Dada! Mbona mapema? Wamekufukuza mchezoni?"

"Nimejifukuza. Mama, njoo ndani kidogo."

Ndani, hakuzunguka. "Limetoka," akasema.

Mama yake hakuuliza ni lipi. Aliketi kitandani, na ungo wake wa maharage bado mkononi. "Kwa nani?"

"Mwalimu."

"Kwa hasira?"

"Kwa mapenzi."

"Afadhali ingekuwa hasira," mama akasema. "Hasira mtu huiombea radhi. Na mama yake?"

"Bado. Ila yule msusi, dada yake, ameshajua, naye atajua."

"Basi tukane!" Mama alisimama, maharage yakamwagika. "Tumekana miaka tisa, tutashindwa sasa? Nitawaambia nina cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nitawaambia yule msusi ni mwongo, nani asiyemjua—"

"Mama."

"Watamwita mtoto majina shuleni! Wewe hutaolewa!"

"Mama, ulinibebea. Mtaa mzima ukakutazama, ukanibebea. Sijawahi kukushukuru kwa sababu kukushukuru ilikuwa ni kusema." Akapiga magoti, akaanza kuokota maharage moja moja, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. "Lakini leo niache nimwambie mwenyewe. Wakimwambia wao, atatuchukia sote wawili."

Mama yake akauweka ungo chini. Kisha akajishika ukutani, akaita kwa sauti iliyopasuka katikati, "We mtoto! Njoo!"

Kitindamimba akaja anadondosha maji, kiatu kimoja mkononi. Aliona maharage sakafuni, akaona macho ya wakubwa, akasimama mlangoni kama mtu aliyevunja kitu asichokikumbuka.

"Si mimi," akasema.

"Najua si wewe. Kaa hapa." Fundi Miwani akamketisha kitandani, akabaki yeye chini, ili wawe uso kwa uso. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, mazuri, ya taratibu. Hakuliona hata moja. "Nisikilize. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilizaa mtoto. Nikaogopa. Mama akanisaidia, akamlea kama wake, na kila mtu akaamini ni wake." Akamshika magoti. "Mtoto huyo ni wewe. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Mtoto alikishikilia kiatu. Maji ya kiatu yalikuwa yanamdondokea mguuni na hakuyasikia. Akamtazama usoni, jicho hili, kisha jicho lile. Kisha akasogea mpaka midomo yake ikaligusa sikio lake, akakinga kwa kiganja chenye povu ili yule mwanamke aliyesimama ukutani asisikie, akanong'ona:

"Na mama anajua?"